Miaka Ishirini na Saba ya Kuuliza "Tumbo Gani?"

Jibu la sampuli ya mwisho katika utumishi wa mshauri wetu wa familia bado halijatoka. Mkuu wa maabara alisema jana, Jumatano, kwamba mashine imemaliza sehemu yake, kilichobaki ni kusoma na kuhakiki, na jibu litakabidhiwa kliniki Jumatatu tarehe 9 Juni. Mshauri anastaafu Ijumaa tarehe 6, baada ya miaka thelathini na moja katika hospitali hii, ishirini na saba kati yake akiwa Kliniki ya Magonjwa ya Kurithi. Jibu litamkuta si mtumishi tena. Litamkuta ndugu wa mgonjwa.

Mgonjwa ni binti yake. Ni fundi simu, ana mimba ya miezi minane, na utrasaundi imeonyesha mtoto wa kiume. Kinachosubiriwa ni kama binti huyu amebeba hemofilia, ugonjwa wa kurithi unaozuia damu kuganda sawasawa. Mara nyingi mwanamke huubeba bila kuugua. Anayeugua ni mtoto wake wa kiume. Binti na mjomba wake wameruhusu habari hizi ziandikwe katika jarida la watumishi. Binti alisoma rasimu akafuta sentensi mbili. Hazimo.

Mstaafu aliajiriwa kama muuguzi wa wodi ya watoto. Waliokuwa naye huko wanamkumbuka kwa viatu visivyolia sakafuni na kwa tabia ya kumwita kila mtoto "bosi", hata wa siku moja. Kliniki ilipofunguliwa alihamishiwa huko. Ilikuwa stoo ya zamani ya mashuka, ukuta mmoja na chumba cha kufulia, na mvuke wa dobi ulizikunja karatasi zote zilizobandikwa. Kazi yake ilikuwa kukaa na familia, kuuliza nani anaumwa, nani alifariki, nani kamzaa nani, kisha kuchora ukoo mzima kwa penseli ili daktari aone ugonjwa unapita njia ipi.

Kwa lugha yetu kazi hiyo ina mtego. Mtu akiulizwa ana kaka wangapi, atataja watoto wa mama yake, wa mama mdogo na wa baba mkubwa, na hatakuwa amedanganya. Mama mdogo ni mama. Mtoto wa dada ni mtoto. Katika mwaka wake wa kwanza mstaafu alichora ukoo ambamo mwanamke mmoja alionekana kuzaa watoto wawili ndani ya miezi mitatu. Daktari wa zamu alirudisha karatasi akasema, "Huyu mama apewe nishani, au wewe urudie kazi." Alirudia kazi. Tangu siku hiyo, kila alipotajiwa kaka, dada au mtoto, aliuliza swali moja: "Tumbo gani?"

Jina likamnata. Madereva wa gari la wagonjwa wanamwita Mama Tumbo Gani. Mlinzi wa geti humwamkia, "Shikamoo, Tumbo Gani," naye huitika marahaba bila kugeuza shingo. Mwaka mmoja barua ya mwaliko kutoka wizarani ilimwandika hivyo kabisa, kwa sababu aliyeulizwa jina kwenye simu hakulikumbuka lingine.

Wengi waliopita kliniki watamkumbuka zaidi kwa somo lake la wanafunzi walioibiana mtihani. Lilianza na familia iliyoleta watoto wawili wa kiume wenye misuli inayonyong'onyea. Mama mkwe alikuwa ameshahukumu njiani kwamba mke wa mwanawe kaleta mkosi. Mstaafu alimwachia aseme yote, akamuuliza kama amewahi kusimamia mtihani. Hakuwahi. "Mwalimu anajuaje wawili wameibiana, mama? Si kwa majibu waliyopata. Yale kila mtu anaweza kuyapata. Anajua kwa kosa. Wote wawili wameandika kosa lile lile, mstari ule ule. Hapo hawana pa kukimbilia."

Kisha alieleza kwamba kila mwili ni nakala, na kila nakala ina makosa yake. Mbuzi na paka hujitengenezea vitamini C ndani ya miili yao. Sisi hatuwezi, tukikosa matunda na mboga tunaugua. Lakini maagizo ya kuitengeneza bado tunayo, yameharibika tu, kama ukurasa uliomwagikiwa chai. Na sokwe anayo hayo hayo, yameharibika vivyo hivyo, sehemu nyingi zikiwa zile zile. Makosa mengi hivyo hayajirudii kwa bahati katika madaftari mawili. Yamenakiliwa kutoka kwa mmoja aliyetangulia, zamani sana.

Mhubiri mmoja, baba wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, alisimama katikati ya somo hilo. "Kwa hiyo mimi ni nyani?"

"Sijasema hivyo, baba. Nimesema wewe na yeye mna kosa moja la kunakili. Na mimi ninalo, na daktari analo. Keti tuzungumze juu ya mtoto."

Aliketi. Siku hiyo alielezwa pia kwa nini selimundu haijapotea: anayerithi nakala moja tu yenye hitilafu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwa vizazi vingi watu hao walipona wakazaa pale ambapo wengine walikufa. Maumivu yanampata anayerithi mbili. Mhubiri aliuliza ni kosa la nani basi, lake au la mke wake. Mstaafu alimjibu kwamba aliyekosea hana kaburi linalojulikana, na kwamba mke wake anasubiri nje na hajala tangu asubuhi.

Ndiyo kazi ambayo somo lile lilifanya kwa miaka ishirini na saba. Watu waliingia wakitafuta wa kumlaumu, wakatoka wakiwa na wa kumpima.

Alikuwa na njia nyepesi pia. Foleni ikiwa ndefu na nyuso zimekunjamana, alitoka koridoni akawaambia wote wagusishe dole gumba na kidole kidogo, kisha wakunje kiganja kuelekea kwao. Wengi huona mshipa mmoja umesimama katikati ya kifundo cha mkono. Baadhi hawaoni kitu, na hawapungukiwi na lolote, kwa maana msuli ule ni salio la mababu walioshikilia matawi. Mlinzi wa geti aligundua anao mkono wa kulia na hana wa kushoto. Kwa wiki nzima aliwaonyesha wageni, na mmoja alipomwambia mkono wa kushoto ndio ulioendelea, alianza kufungulia geti kwa huo.

Kuhusu woga alisema mwili hausahau. Mtu akishtuka, malaika, vile vinyweleo vya mikono, husimama, kwa sababu waliotutangulia walikuwa na manyoya na waliyatutumua ili waonekane wakubwa mbele ya adui. "Sisi manyoya hatuna tena," aliwaambia wanafunzi wa uuguzi, "lakini amri bado inatolewa."

Mafanikio yake makubwa hayana kibao ukutani. Miaka kumi na minane iliyopita aliitwa kuchora ukoo wa familia iliyokuwa imeshamzika mtoto. Mama alikuwa na kaka anayetokwa damu bila kukoma, lakini wodi ya uzazi haikumuuliza. Uchungu ulipokawia, mtoto alivutwa kichwa kwa mashine. Damu ilivujia ndani ya fuvu, na wiki haikuisha. Mstaafu alipeleka mchoro huo kwa mkuu wa uzazi, akarudi tena, na tena, mpaka likatoka agizo: kila mjamzito mwenye kaka au mjomba anayetokwa damu apelekwe kliniki kabla ya mwezi wa nane. Akiwa mbebaji, au ikiwa haijulikani, ajifungulie hapa. Mtoto asivutwe kichwa, asichomwe sindano ya msuli, na dawa ya kugandisha damu iwe tayari kwenye friji. Tangu hapo hajazikwa mwingine kwa sababu hiyo.

Hakulipigania kwa kusoma vitabu tu. Kaka yake mwenyewe ni mgonjwa wa hemofilia. Ni fundi cherehani, na ukoo wote ulipinga asiishike kazi hiyo kwa kuogopa sindano. Sindano haijawahi kumfanya lolote la maana. Damu yake huvujia magotini, kwa ndani, na leo hutembea kama mtu anayekanyaga mayai. Mjomba wao naye alikufa kwa ugonjwa huo akiwa mtoto. Kwa hiyo mama yao alikuwa mbebaji, hilo halina shaka, na kila binti yake alikuwa na nusu kwa nusu ya kurithi. Kipimo kilipofika hapa kwa mara ya kwanza, mstaafu alitangulia kupimwa ili wengine wasiogope. Hana. Alilitangaza jibu hilo kila mahali. Hakuna mtumishi wa kliniki asiyelijua.

Mwezi Aprili alianza likizo ya kustaafu. Kabla ya kuondoka alimwambia binti yake aende kliniki kama agizo linavyotaka, naye akabaki nyumbani. Kanuni yake ya zamani inasema mshauri hakai chumba kimoja na ndugu yake.

Aliyempokea binti ni mshauri aliyeandaliwa kushika nafasi hiyo, mwanaume wa makamo aliyetoka wodi ya upasuaji, ambaye kila mtu hapa anamwita Mrithi na ameshachoka kuucheka utani huo. Ni mwangalifu. Aliuliza juu ya mjomba, akachora. Aliuliza, "Mama alipimwa?" Binti akajibu, "Alipimwa. Hana." Mrithi alilijua jibu hilo kabla hajaambiwa. Mama asipokuwa nayo, hana cha kumpa binti. Akamwandikia kwamba hahitaji kipimo na anaweza kujifungulia kituo cha afya cha karibu na kwake, ambacho hakina friji ya dawa hizo wala daktari usiku.

Kilichofuata ni kama binti alivyokisimulia. Alifika kwa mama yake mchana, akakaa mezani na simu ya mteja iliyofunguliwa, kibano mkononi.

"Wamenipa ruhusa, mama. Najifungulia hapo jirani."

"Wamekupima lini?"

"Hawakunipima. Waliuliza kama mama alipimwa, nikasema alipimwa, hana. Si ulipimwa?"

"Nilipimwa mimi."

"Ndiyo. Si wewe ndiye mama?"

Binti anasema mama yake alikuwa ameinua mikono kufunga kitambaa, na malaika wote walikuwa wamesimama.

Aliyemzaa binti huyu ni mdogo wake mstaafu. Alifariki kwa homa ya ini binti akiwa hajaanza kusema vizuri, miaka kadhaa kabla kipimo hakijafika hapa. Si siri. Nyumbani kuna picha zake mbili, na binti amezijua tangu utotoni. Lakini mama mkubwa aliyekulea huitwa mama, na mtoto wa mdogo wako ni mwanao, na hospitali nzima haikuwahi kusikia neno lingine. Binti alijibu kweli. Mrithi aliandika kweli. Uwezekano wa binti kuwa mbebaji ulikuwa robo, nao uliandikwa sifuri.

Asubuhi iliyofuata mstaafu alikuja na nguo za nyumbani. Mrithi alipoelewa, alisema kile ambacho wenzake wengi wanakubali wangekisema wao. "Mwalimu, ningemuulizaje mwanao katoka tumbo gani? Ingekuwa tusi."

"Ndiyo maana tunawauliza wote," alisema mstaafu. "Mwite. Muulize upya. Mimi nitakaa nje."

Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, lile la mbao lililo mkabala na mlango. Mlango ule haufungi vizuri. Ameiandikia ofisi ya matengenezo juu yake tangu ukiwa mpya. Alisikia swali lake mwenyewe likiulizwa. Kisha binti akasema, "Tumbo la mdogo wake mama."

Damu ilichukuliwa siku hiyo hiyo. Mjomba aliitwa naye atoe yake upya, kwa sababu maabara hutafuta kwa mpwa kosa lile lile lililopo kwa mjomba, mstari ule ule. Alifika na magoti yake, akamwagiza mpima damu abonyeze kwa nguvu palipochomwa, "hilo si bomba la jirani la kuachwa livuje." Alipomwona dada yake kwenye benchi alisema, "Miaka yote unawapindia watu nguo, kwako pindo limefumuka."

"Kaa chini, kaka. Damu yako inachafua sakafu."

Wachache wamewahi kumwona akicheka kwa namna ile, na hakucheka muda mrefu.

Kipimo cha kwanza kiliharibika umeme ulipokatika na jenereta ikachelewa. Damu ikachukuliwa mara ya pili, na hapo ndipo siku zilipopotea. Daktari wa uzazi ameagiza binti ahudumiwe kama mbebaji mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kadi yake imebandikwa karatasi nyekundu. Agizo ni zuri likiwa karatasini. Jumapili iliyopita maumivu yalimshika akiwa sokoni. Dereva wa teksi alisema kituo cha afya kipo hapo kwenye kona. Binti akamwambia, "Ukikata kona hiyo nashuka natembea." Maumivu yalitulia kabla ya geti letu, ambako mama yake, aliyepigiwa simu, alikuja mbio. Mlinzi anasema hajawahi kumwona Mama Tumbo Gani akikimbia, na kwamba hakujua anaweza.

Mpima damu mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa anataka kuendelea na kazi, alijitolea kumsaidia mstaafu asingoje mpaka Jumatatu. "Nitakubipu tu, mama. Mara moja ni salama. Mara mbili, basi."

"Jibu si langu," mstaafu alimwambia. "Na ukimbipu mwenye jibu nitakushtaki."

Ni kanuni yake nyingine: jibu haliambiwi mtu koridoni, wala kwa simu, wala kupitia ndugu. Linasemwa ndani, mlango ukiwa umefungwa kadiri unavyofungika, kwa mwenye damu. Amewangojesha mamia ya watu kwa kanuni hiyo. Wiki hii amengojeshwa nayo, na waliomtembelea wanasema amepanga upya makabati ya jikoni, akayarudisha yalivyokuwa, akayapanga tena.

Binti akiulizwa anaogopa nini zaidi, atasema si damu. Alisema hivi, na sentensi hii hakuifuta: "Nikikutwa nayo, nitakuwa nimepewa na yule wa kwenye picha. Nisipokutwa nayo, sina lolote lake. Sijui niombe lipi. Halafu naona tumbo langu, najua niombe lipi."

Kliniki imebadilisha utaratibu. Swali la tumbo sasa linaulizwa kwa kila mtu, mtoto wa mtumishi na mtoto wa mkurugenzi. Mrithi alipendekeza lile la "nani mama yako" liondolewe kabisa, maana ndilo lililoleta mkanganyiko. Mstaafu, alipokuja kutoka likizo kukabidhi ofisi, alikataa. Alisema liulizwe la kwanza, jibu lake liandikwe kama lilivyotamkwa, na ndipo lifuate la pili. Watu wawe na nafasi ya kusema ni watoto wa nani kabla hawajaulizwa walitokea wapi.

Anaacha kliniki yenye vyumba vitatu, mbali na mvuke wa dobi. Anaacha washauri aliowafunza, agizo la uzazi ambalo hospitali nyingine zimeliiga, na familia nyingi ambazo hazigombani tena juu ya nani kaleta nini. Menejimenti na wafanyakazi wenzake wanamshukuru. Hafla ya kumuaga ni kesho, Ijumaa, saa nane mchana, katika ukumbi wa mafunzo. Ameomba hotuba ziwe fupi na chai iwe ya moto. Mama Tumbo Gani, ukapumzike. Ukawe na afya, usingizi usiokatizwa, na mjukuu wa kumwita bosi.

Jibu litatolewa Jumatatu tarehe 9 Juni, saa tatu asubuhi, chumba namba mbili. Wakati wa kupanga miadi Mrithi alimuuliza binti atafuatana na nani, kwa kuwa anaruhusiwa mtu mmoja tu.

"Na mama," alisema.

Mrithi aliandika hivyo, bila kuuliza zaidi.